Mkonge na Vizazi vya Tanga

Twasikia mara nyingi kuwa vizazi vimepungua, na lawama yote hutupiwa wanawake: eti wamesoma, eti wamechoka kuzaa. Ndugu msomaji, jambo hili lina tarikhi yake, na hapa kwetu Tanga tarikhi hiyo yaanza na mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika ni 62 tu. Mwaka huo huo ilianza kujengwa reli ya Tanga, ambayo ilifika Moshi mwaka 1911. Kutokana na miche ile michache, ardhi ya Pongwe, Muheza hadi Korogwe ikajaa mkonge.

Wenyeji, Wadigo, Wabondei na Wasegeju, walikuwa na minazi na makonde yao, na wengi hawakuona kwa nini wakate mkonge wa mtu mwingine. Basi watu wakatafutwa mbali: Unyamwezi, Buha, Ubena, Burundi, hata Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwaandika na kuwasafirisha. Kila mtu alipewa namba, ndipo wakaitwa manamba, na kazi ikahesabiwa kwa kipande cha siku 30.

Mwenye shamba alitaka mikono, hakutaka familia. Ujira ulikuwa wa kumtosha mwanamume mmoja, tena kwa shida. Mke na watoto walibaki kwao wakilishwa na jembe la mama. Mume yuko Pongwe miaka miwili, mke yuko Kasulu: mtoto atatoka wapi? Hapo hakuna aliyemeza kidonge, wala aliyesoma kitabu. Na kambi iliyojaa wanaume wasio na wake yajulikana huzaa nini. Maradhi ya zinaa yasipotibiwa huziba mirija ya uzazi, na wangapi waliitwa tasa, wakaachwa, kwa ugonjwa walioletewa na waume zao! Wazee wetu hawapendi kulitaja hili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha mashamba mengi, lakini soko halikurudi.

Tusichanganye mambo: watu hawakupungua. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 Tanzania nzima, ya 2022 milioni 61.7. Kilichopungua ni idadi ya watoto kwa kila mama: zaidi ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na 4.8 mwaka 2022, mijini 3.6, vijijini 5.5. Tofauti hiyo ya mjini na kijijini ndiyo ya kutazamwa. Shambani mtoto wa miaka minane huchunga mbuzi na kuokota nazi. Chumbageni mtoto huyo ni sare, madaftari, nauli na chumba cha kupanga, na baba anayelipwa kwa kutwa hapati nyongeza kwa kuzaliwa mtoto wa tano.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliizungumza azl katika Ihyaa. Kuogopa mizigo ya watoto wengi hakukuona kuwa ni sababu ya haramu. Kuogopa kuzaa mabinti ndiko alikokulaumu.