Kanisa la Wies: Fahari Iliyojengwa kwa Ajili ya Kristo Aliyepigwa Mijeledi

Wies ni kijiji kidogo cha Steingaden, Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Jina lake lina maana ya uwanda wa majani, na hadi leo kanisa lake la hija limezungukwa na malisho.

Chanzo chake ni sanamu duni. Mwaka 1730, watawa wa abasia ya Steingaden walitengeneza sanamu ya Kristo aliyefungwa nguzoni kwa ajili ya maandamano ya Ijumaa Kuu. Waliunganisha vipande vya sanamu mbalimbali za mbao, wakaficha maungio kwa kitani na rangi. Baada ya miaka michache sanamu hiyo iliwekwa kando, kwa kuwa majeraha yake yaliwahuzunisha watu kupita kiasi. Mkulima Maria Lory aliipokea nyumbani kwake. Tarehe 14 Juni 1738 yalionekana usoni pake matone, nayo yakasadikiwa kuwa machozi. Mahujaji wakamiminika, hata kikanisa kilichojengwa kwanza kisitoshe.

Ujenzi wa kanisa la sasa ulianza mwaka 1745 chini ya msanifu Dominikus Zimmermann, nalo likatabarukiwa mwaka 1754. Sehemu ya waamini ina umbo la yai, na nguzo zake zimesimama mbilimbili. Dari lake halikujengwa kwa mawe: ni mbao na lipu, likishikiliwa na boriti za paa. Kwa wepesi huo, kuta ziliweza kupokea madirisha mengi, na nuru huingia kutoka kila upande. Chini kuna weupe mtulivu. Kadiri jicho linavyopanda, dhahabu na rangi huongezeka.

Juu kabisa, kaka yake msanifu, Johann Baptist Zimmermann, alimchora Kristo Mfufuka akiwa juu ya upinde wa mvua, ishara ya agano. Upande mmoja kipo kiti cha hukumu, nacho ki kitupu. Upande wa pili upo mlango wa umilele, nao umefungwa. Mafundisho yake ni bayana: Hakimu bado hajaketi, na wakati wa toba ungalipo. Kisha macho huongozwa hadi altare kuu yenye nguzo nyekundu, zikumbushazo Damu iliyomwagika. Hapo ndipo ilipowekwa ile sanamu iliyokataliwa.

Mwaka 1803 serikali ilipoivunja abasia, kanisa nalo lilikuwa hatarini kubomolewa. Wakulima wa mahali hapo walisimama kulitetea, likabaki. Mwaka 1983 liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Basi fahari yote hii haikukusudiwa kuficha majeraha ya Bwana, bali kuyaheshimu. Anayeinua macho Wies hukumbushwa kwamba mlango wa huruma haujafungwa, naye amwonaye Kristo katika mtu aliyedharauliwa hufanya kama yule mkulima: humkaribisha nyumbani.