Okidi za ardhini na za mawe: hazina inayotoweka nje ya Msitu wa Kakamega

OKIDI zinapotajwa katika Kaunti ya Kakamega, wengi hufikiria maua yanayoota juu ya miti katika Msitu wa Kakamega. Hata hivyo, spishi nyingi za mimea hiyo huishi kwingineko: katika nyasi, kandokando ya vinamasi na juu ya mawe. Makao ya namna hiyo ndiyo yaliyopungua mno katika maeneo ya kilimo kama Shianda, magharibi mwa msitu huo.

Kenya ina takriban spishi 280 za okidi. Vanila, inayolimwa nchini Uganda, ni ya jamii hiyo hiyo ya mimea.

Okidi za ardhini huhifadhi chakula na maji katika viazi au mashina manene yaliyo udongoni. Wakati wa kiangazi majani ya nyingi kati yake hunyauka, na mmea hubaki umejificha hadi mvua inyeshe. Ndiyo maana mkulima anaweza kufyeka na kulima mahali zilipo bila kutambua kwamba zimo.

Za jenasi ya Eulophia hutoa maua kwenye vikonyo virefu. Mojawapo, Eulophia horsfallii, hupenda vinamasi na kingo za mito, na huweza kumzidi mtu kwa kimo. Habenaria huwa na maua meupe au ya kijani. Mengi hunukia usiku na kuwavutia nondo, ambao hunyonya nekta iliyo ndani ya mrija mwembamba wa ua na kusambaza chavua. Nervilia nayo hutangulia kutoa ua. Ua likishanyauka, ndipo jani moja tu hujitokeza karibu na ardhi.

Juu ya mawe hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mwamba hauhifadhi maji. Baadhi ya okidi za jenasi ya Polystachya, ambazo kwa kawaida huota kwenye miti, humudu maisha hayo kwa kuweka akiba ya maji katika mashina yaliyovimba. Mizizi yake imefunikwa kwa tabaka kama sifongo linalofyonza mvua na umande. Mimea hiyo si vimelea: iwe juu ya mti au jiwe, hujishikiza tu.

Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973, mashamba ya miwa yameenea kote katika ukanda huo. Nyasi za asili zililimwa, vinamasi vikakaushwa, na mawe hupasuliwa kuwa kokoto. Hasara hiyo si rahisi kurekebisha. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula, hivyo haioti bila kukutana na kuvu maalumu wa kuilisha. Mmea uliong'olewa porini na kupandwa nyumbani mara nyingi hufa.

Kusini mwa Tanzania, tishio limekuwa biashara ya viazi vya okidi vinavyouzwa Zambia kuwa chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilivushwa mpakani kila mwaka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, ni mahali mashuhuri pa kulinda maua hayo.

Magharibi mwa Kenya adui mkubwa ni jembe. Mkataba wa CITES, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1978, hudhibiti biashara ya okidi kati ya mataifa. Haumzuii mtu kulima shamba lake. Hifadhi ya Kitaifa ya Kakamega, iliyotangazwa mwaka 1985, nayo hulinda sehemu ya msitu tu.

Kilichosalia nje ya msitu ni vipande vidogo: miamba isiyopasuliwa na kingo za vijito vinavyoelekea Mto Nzoia. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mito. Ukanda huo ukiachwa bila kulimwa, huzuia mmomonyoko wa udongo na pia huzipa okidi za vinamasi mahali pa kuchipuka tena mvua irejeapo.