Dorotea na Hesabu ya Novemba Mosi

Mwaka 1797 Mfalme Gustav IV Adolf wa Sweden alimwoa binti wa kifalme kutoka Baden, Ujerumani. Bibi harusi alikuwa na majina matatu, Fredrika Dorotea Vilhelmina, na haikupita miaka mingi yote matatu yakagawiwa parokia tatu za kaskazini, ndani kabisa ya misitu ya Lapland. Mahali palipojulikana kama Bergvattnet pakapata jina la katikati mwaka 1799. Mfalme mwenyewe alipinduliwa mwaka 1809 akafia uhamishoni, lakini jina la mkewe halikung'olewa. Leo Dorotea ni manispaa ya watu kama 2,400, mojawapo ya ndogo kuliko zote katika manispaa 290 za Sweden. Kwa eneo si ndogo hata kidogo: ukiwagawia wakazi wote ardhi yao sawasawa, kila mmoja anaondoka na zaidi ya kilomita moja ya mraba.

Serikali ilikuwa ikiutafutia upande huu watu tangu zamani. Tangazo la kifalme la mwaka 1673 liliwaahidi walowezi wa Lapland miaka 15 bila kodi, na tena wasichukuliwe jeshini. Wasami, waliokuwa wakiwinda, wakivua na kuchunga kulungu-aktiki wao katika nchi ile ile, hawakuulizwa. Basi siasa ya kuhesabu vichwa ilianza Dorotea kabla haijaitwa Dorotea.

Msamaha wa kodi haukuivisha shayiri. Baridi kali iliweza kushuka Agosti na kuua shamba zima usiku mmoja, kwa hiyo mlowezi alitegemea ng'ombe zaidi ya nafaka, na majani ya ng'ombe aliyafuata kwenye vinamasi. Watu walifyeka maji yakiwa yamewafika kwenye vifundo, wakayaanika majani juu ya fito, kisha wakangoja theluji igande ndipo wayavute kwa sleji hadi nyumbani. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, viwanda vya mbao vya pwani vilihitaji magogo, na msitu ukaanza kulipa. Wanaume walikata miti majira ya baridi, na mito ikayabeba magogo majira ya kuchipua. Baadaye reli ya bara, Inlandsbanan, ilipita hapa. Hadi katikati ya karne ya 20 watu walikuwa zaidi ya mara mbili ya walivyo sasa.

Halafu ikaja misumeno ya injini, na nyuma yake mitambo mikubwa, na kazi ya watu kumi ikawa ya mmoja. Viwanda vya kusini vilikuwa na njaa ya wafanyakazi. Mamlaka ya ajira ya taifa iliwapa waliokubali kuhama posho ya kuhamia. Serikali iliyowabembeleza mababu waje sasa ikawalipia wajukuu waondoke. Kwangu mimi huo ndio ukurasa muhimu kuliko yote katika historia ya mahali hapa, maana yaliyofuata, hadi mgogoro wa hospitali tutakaoufikia, ni watu waliobaki wakiidai serikali hiyo hiyo haki yao ya kubaki.

Idadi ya manispaa nayo ilikuwa ikipunguzwa. Mwaka 1952 karibu manispaa 2,500 ziliunganishwa zikabaki kama 1,000, na kufikia 1974 zilikuwa 278 tu. Hoja ilikuwa kwamba manispaa ndogo haiwezi kubeba shule ya kisasa na matunzo ya wazee. Dorotea iliunganishwa na jirani yake Åsele mwaka 1974. Ndoa haikudumu. Mwaka 1980 Dorotea ilijitoa ikawa na baraza lake tena, kama Bjurholm ilivyojitoa Vännäs miaka mitatu baadaye. Fredrika, jina la kwanza la malkia, ilibaki ndani ya Åsele mpaka leo.

Uhuru huo una bei, na bei yake imeandikwa kwenye hati ya mshahara. Nchini Sweden kodi ya mapato huanzia manispaani na mkoani, na kila baraza hujipangia kiwango chake. Mkazi wa Dorotea hulipa zaidi ya asilimia 35, kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa nchini, wakati Österåker, kitongoji cha watu wenye uwezo karibu na Stockholm, hulipa kama 29. Mfuko wa taifa wa kusawazisha mapato huziinua manispaa maskini hadi karibu na uwezo wa zile tajiri. Bila mfuko huo Dorotea isingemaliza mwaka. Lakini mfuko huangalia idadi ya watu, na hesabu inayotumika ni ya tarehe 1 Novemba ya mwaka uliotangulia. Familia ya watu watano ikifungasha Oktoba, shule inapoteza wanafunzi, na bajeti ya mwakani inapoteza watu watano, ilhali bomba la maji, barabara na mshahara wa mwalimu havipungui hata senti.

Zaidi ya hapo, sheria haijui udogo. Manispaa ya watu 2,400 ina wajibu ule ule wa Stockholm: shule, wazee, walemavu, maji, zimamoto. Katika jiji kubwa mtu mmoja anayehitaji uangalizi wa saa 24 havurugi usawa wa bajeti. Dorotea mtu huyo ni mjadala wa baraza zima, na si kwamba madiwani wana roho mbaya. Ni hesabu tu.

Watu wa huko wana dukuduku lao pia kuhusu kinachotoka na kisichorudi. Mlimani Bliekevare mitambo ya upepo inafua umeme, magogo yanashuka kusini kwa malori, lakini kwa miaka mingi kodi ya majengo ya mitambo ya umeme nchini imekuwa ikienda serikali kuu. Kule Borgafjäll, upande wa milima, kuna hoteli ya mbunifu majengo Ralph Erskine, Mwingereza aliyehamia Sweden, ambayo paa lake limeshushwa hadi ardhini ili theluji ikijaa mtu ateleze juu yake kwa skii. Wageni huipenda. Wenye nyumba za likizo nao wanakuja kila Pasaka, ila kodi yao ya mapato hubaki walikoandikishwa.

Haya yote yalilipuka mwanzoni mwa 2012. Afya iko mikononi mwa mkoa, na baraza la mkoa wa Västerbotten lilikuwa limeamua kuondoa vitanda vya wagonjwa katika hospitali ndogo ya Dorotea na kupunguza huduma ya ambulensi. Hospitali kamili iliyo karibu ipo Lycksele, zaidi ya kilomita 100, na barabara ya Januari si barabara ya Julai. Wakazi, wengi wao wastaafu, waliingia hospitalini wakaketi. Hawakuvunja kioo. Walipanga zamu, mchana na usiku, wakaja na chupa za kahawa na keki. Wakakaa hivyo miaka mitatu. Wakati huo manispaa nzima haikufikisha watu 3,000, kwa hiyo aliyekuwa zamu na muuguzi aliyempita mlangoni walifahamiana vizuri.

Walikusanya pia saini mkoa mzima, zikatosha kuulazimisha mkoa uitishe kura ya maoni Septemba 2013. Wengi wa waliopiga kura waliunga mkono upande wa wakazi walioikalia hospitali, ila waliojitokeza hawakufika nusu ya wenye haki, na kura ya namna hiyo Sweden ni ya ushauri tu. Umeå, mji wa pwani wenye chuo kikuu na hospitali kubwa, ndiko wapiga kura wengi waliko, na mtu wa Umeå haoni kilomita 100 mpaka gari limharibikie huko.

Hesabu ya vichwa nayo ilipata tumaini jipya. Tangu 2016 sheria inaitaka kila manispaa, kubwa kwa ndogo, kupokea wakimbizi waliopewa kibali. Miongoni mwa waliopelekwa Sweden miaka hiyo kwa mpango wa Umoja wa Mataifa walikuwamo Wakongo waliotoka makambi ya nchi jirani, baadhi yao wasemaji wa Kiswahili. Manispaa nyingi za misitu ziliona hapo nafasi ya kujaza madarasa. Ila mgeni naye hufuata kazi, na kazi ziko kusini.

Mwaka 2020 tume ya serikali ilipendekeza manispaa ndogo ziungane kwa hiari, na zitakazokubali zisaidiwe kulipa madeni. Hakuna iliyokimbilia. Ziunganishe Dorotea, Åsele na Vilhelmina, utapata manispaa ya watu kama 11,000 katika zaidi ya kilomita za mraba 15,000, na mgonjwa wa Borgafjäll atasafiri mwendo ule ule. Kitakachokuwa kimesogea ni ukumbi wa baraza, na Dorotea imeshauona ukisogea mara moja.