Ngazi za Msaada katika Shule za Marekani: Asili Yake na Mapito Yake

Neno ngazi katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaribiana. Kwanza ni chombo cha kupandia. Pili ni cheo au daraja anayowekwa mtu. Tofauti hii yapasa kukumbukwa kila inapozungumzwa habari ya ngazi za msaada shuleni, yaani utaratibu wa kuwapa watoto wote mafundisho mema ya pamoja, kisha kuwaongezea msaada katika vikundi vidogo wale wanaoachwa nyuma, na mwisho kuwasaidia kwa bidii zaidi, hata mmoja mmoja, wale wachache ambao msaada uliotangulia haukuwafaa. Kinachopangwa kwa ngazi ni msaada, si watoto. Utaratibu huu ulikulia Marekani, na historia yake huko yaonyesha jinsi ilivyo rahisi maana ya kwanza kugeuka ikawa ya pili.

Mfano wa ngazi tatu haukutoka shuleni, bali kwa matabibu. Mwaka 1964 Gerald Caplan, mganga wa maradhi ya akili wa Harvard, alieleza aina tatu za kinga: ya kuwahifadhi watu wote kabla ya ugonjwa, ya kuutambua ugonjwa mapema kwa walioanza kuugua, na ya kupunguza madhara kwa waliokwisha kupatwa. Upande wa elimu, Maynard Reynolds wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa ameandika mwaka 1962 juu ya mpango wa huduma kwa watoto wenye mahitaji ya pekee, akishika kanuni kwamba mtoto asipelekwe mbali na darasa la kawaida kuliko ilivyo lazima, na arudishwe mara iwezekanapo. Mwaka 1970 Evelyn Deno, wa Minnesota vile vile, akaliendeleza wazo hilo. Kanuni hiyo ya kurudi ndiyo roho ya jambo zima, maana ngazi hupandwa na kushukwa.

Walakini hali ya shule ilikuwa mbali na kanuni hiyo. Bunge lilipotunga sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba, 1975, lilikiri kwamba watoto 1,000,000 wenye ulemavu walikuwa nje kabisa ya shule za umma. Tena palikuwa na dhuluma ya namna nyingine, kwani wapo walioingizwa shuleni wakatengwa humo humo. Katika California, mwaka wa masomo 1968–69, watoto weusi walikuwa asilimia 9 tu ya wanafunzi wote, lakini asilimia 27 ya wale waliowekwa katika madarasa ya waliohesabiwa kuwa wapungufu wa akili. Jambo hilo lilipelekwa mahakamani, na mwaka 1979 Jaji Robert Peckham, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Larry P., aliamua kwamba mitihani ya akili iliyotumiwa kuwapeleka huko iliwaonea. Mwaka 1982 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti ikatoa rai yenye uzito: kabla ya kumpima mtoto, yapimwe kwanza mafundisho anayoyapata.

Rai hiyo ilikawia kusikilizwa. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 1977, mtoto aliweza kuhesabiwa kuwa na udhaifu wa kujifunza ikiwa pana tofauti kubwa baina ya akili yake ilivyopimwa na maendeleo yake darasani. Tofauti ya namna hiyo huhitaji muda ili ionekane. Mtoto wa darasa la kwanza aliyeshindwa kusoma aghalabu hakuwa ameachwa nyuma vya kutosha kupewa msaada. Ilimbidi angoje miaka, mpaka pengo litimie. Wakosoaji wakaiita desturi hiyo kungoja mtoto ashindwe.

Wengine hawakukubali kungoja. Stanley Deno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walibuni kipimo chepesi: mtoto husoma kwa sauti kwa dakika 1, na maneno aliyoyasoma sawasawa huhesabiwa. Kwa kipimo kama hicho mwalimu aweza kujua baada ya majuma machache kama msaada unafaa au haufai, akaubadili. Baadhi ya shule za Iowa na za mji wa Minneapolis zilifuata njia ya namna hii kabla ya mwisho wa karne ya 20. Ndipo sheria ya mwaka 2004 ilipoziruhusu shule kumwangalia mtoto kwa jinsi anavyoitikia msaada, badala ya kutegemea tofauti ile tu. Na sheria ya mwaka 2015 ikautaja waziwazi mfumo wa msaada wenye ngazi nyingi.

Mwaka huo huo wa 2015 ilitolewa ripoti ya utafiti wa serikali, iliyotazama shule 146 katika majimbo 13. Watafiti waliwalinganisha watoto waliopungukiwa kidogo na alama iliyowekwa, wakapewa msaada wa ziada wa kusoma, na wale walioipita kidogo tu. Katika darasa la kwanza, waliosaidiwa walikuwa nyuma ya wenzao. Habari hii haiwahusu watoto wenye shida kubwa, kwani hao hawakuwa karibu na alama ile. Hata hivyo ripoti yenyewe ilionyesha jambo la kuzingatiwa: katika shule nyingi msaada ulitolewa ndani ya saa za somo la kawaida la kusoma. Huenda basi kilichoitwa nyongeza kilikuwa badala tu, mtoto akipewa kimoja na kunyang'anywa kingine.

Hapa ndipo maana mbili za ngazi zinapokutana. Walimu wa Marekani wamezoea kusema "mtoto wa ngazi ya pili", na neno lililokuwa jina la msaada likawa jina la mtoto. Kadhalika vitabu vyao hutaja hesabu ya asilimia 80, 15 na 5 kwa ngazi tatu, kana kwamba watoto huzaliwa kwa mafungu hayo. Hesabu hiyo yafaa kwa kazi moja: kulipima darasa. Ikiwa nusu ya watoto wahitaji msaada wa pili, kasoro imo katika mafundisho ya pamoja, na vikundi vidogo haviwezi kuiponya. Kwa hiyo waandishi wa Kiswahili watakaoeleza utaratibu huu hawana budi kusema "mtoto apataye msaada wa ngazi ya pili", ijapokuwa ni maneno marefu zaidi. Urefu huo humkumbusha mwalimu kwamba msaada una mwanzo na mwisho, na kwamba mtoto aliyepandishwa ngazi angojewa darasani kwake.