Daftari Lililokosekana Mlima Elgon

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kupinga Mateso mwaka 1997. Ripoti yake ya kwanza, iliyotakiwa mwaka uliofuata, ilijadiliwa Geneva Novemba 2008. Kufikia hapo jambo halikuwa tena la karatasi. Machi mwaka huohuo jeshi na polisi walikuwa wamepanda Mlima Elgon, wilaya iliyomegwa kutoka Bungoma, katika Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walizolewa kijiji kwa kijiji na kupelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa. Baadhi walifikishwa mahakamani Bungoma, baadhi hawakuonekana tena.

Watetezi wa operesheni hukumbusha, tena kwa haki, kwamba wanamgambo wa SLDF, waliochipuka katika ugomvi wa mashamba ya Chepyuk, walikuwa wakiua watu, kuwakata masikio na kuwatoza kodi tangu 2006. Familia zilizokimbilia upande wa Kitale zilistahili ulinzi. Ila mkataba ule unasema wazi kuwa hata vita si udhuru wa kutesa, na anayechujwa bado ni mshukiwa tu. Wapo pia wanaosema haki hizi ni ghali kwa nchi maskini. Labda hospitali na barabara ni ghali. Lakini daftari la kambi, lenye jina la mtu, saa aliyoingia na afisa aliyemchukua, ni bei ya daftari la shule. Naona wajibu wa kimataifa huanzia hapo, kabla ya ujumbe wowote kupanda ndege.

Bunge lilisubiri hadi 2017 kupitisha Sheria ya Kuzuia Mateso, miaka 20 baada ya ahadi. Katikati, kesi ya Mlima Elgon ilifika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na mwaka 2012 ikaanguka kwenye rufani: iliwasilishwa nje ya miezi miwili inayoruhusiwa. Serikali ilishinda kwa kalenda. Mtu asiyejulikana aliko, siku zake huanza kuhesabiwa lini? Sheria ya Kenya ya ushahidi ina jibu lake: asiyesikika kwa miaka saba huchukuliwa kuwa amekufa. Basi mke anayetaka kurithi shamba huapa kwamba mumewe hajasikika, mbele ya mahakama ya dola ileile iliyomchukua.