Butabika: Hospitali Iliyogeuzwa Tusi

Ewe msomaji, huenda umesikia watu wakitaniana kwa jina la Butabika. Hiyo ni hospitali ya taifa ya Uganda ya magonjwa ya akili, iliyofunguliwa mwaka 1955 jijini Kampala. Kabla yake wagonjwa walihifadhiwa katika gereza la Hoima, kana kwamba kuugua ni kosa. Kisha wakahamishiwa Mulago. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili, ikafuta ile ya 1964. Sheria zimebadilika, ndimi bado. Mtu hulazwa Butabika, akatibiwa, akapata nafuu, halafu akifika nyumbani huficha alikotoka. Anayeugua malaria hafichi. Ukijifunza neno “kichaa”, jifunze pia “mgonjwa wa akili”: la kwanza hulisikia hata akiwa amekwisha kupona.