Injini Zilizopanda Nyika ya Taru

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huenda kwa wepesi katika nchi tambarare. Lakini penye mwinuko, hata ulio mdogo, wepesi huo hugeuka mzigo. Njia ya reli ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, hupanda tangu iiachapo pwani. Huikata nyika kavu ya Taru, na ifikapo Voi, karibu na milima ya Taita, imekwisha panda zaidi ya mita 500. Hata hapo, Nairobi iko juu zaidi kwa mita 1,000 na ziada.

Njia hiyo ilikuwa nyembamba, upana wake mita 1 tu, tena yenye kona nyingi. Biashara ilipokua, mafundi walikabiliwa na swali gumu. Injini yenye nguvu ni nzito, na uzito huharibu reli. Uzito ukigawanywa juu ya magurudumu mengi, injini huwa ndefu, na injini ndefu haipindi vyema penye kona. Gari likivutwa na injini mbili, huhitaji madereva wawili, wachochea moto wawili, na mioto miwili.

Jibu lilitoka kwa Mwingereza Herbert William Garratt. Alibuni mitambo miwili, kila mmoja na silinda zake, pistoni zake na magurudumu yake, akaitenga, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kati yake alilaza boila moja, yaani chungu kikubwa cha kuchemshia maji, mfano wa machela ichukuliwayo na watu wawili: kila mchukuzi aweza kugeuka penye kona, na mgonjwa asianguke. Mvuke ulipita katika mabomba yenye viungo vya kugeuka. Na kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na magurudumu, liliweza kuwa nene kupita kiasi cha kawaida. Dereva alikuwa mmoja na moto mmoja, lakini nguvu zilikuwa za injini mbili. Injini ya kwanza ya namna hii iliundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1909, ikapelekwa Tasmania. Kenya ilipata za kwanza mwaka 1926.

Kilele chake kilikuwa aina ya 59. Injini 34 ziliundwa mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na magurudumu 28, nayo iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Hata hivyo haikukosa kasoro. Maji na mafuta yalibebwa juu ya mitambo yenyewe. Kadiri yalivyopungua safarini, magurudumu yalipoteza uzito wa kuyashikiza relini, yakaelekea kuteleza.

Voi ni njia panda. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lilitandika reli kutoka hapo, kupitia Maktau na Taveta, na mwaka 1916 ikaunganishwa na njia ya Wajerumani huko Kahe. Aina ya 59 ilikandamiza reli kwa tani 21 kwa kila jozi ya magurudumu makubwa, uzito usiovumilika katika njia nyepesi. Kwa njia hizo iliundwa aina ya 60, kwa ramani ile ile, lakini kwa tani 11 tu. Wazo moja lilipimwa kwa nguvu za kila njia.

Kufikia mwaka 1980 injini za dizeli zilikuwa zimezirithi. Mwaka 2017 reli mpya, pana zaidi, ilifunguliwa kupitia Voi, nayo ilikata vilima na kuvuka mabonde kwa madaraja ili ardhi iitii reli. Mafundi wa zamani, kwa uhaba wa fedha, waliifundisha injini kuitii ardhi. Mount Gelai, mmoja wa milima ile ya chuma, umepumzika katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Msomaji akiutazama ataona kwamba mzigo ulioishinda injini moja nzito ulichukuliwa na mbili zilizogawana kazi.